Fanksheni Inayonitaja Mimi Tu

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa bosi anatangaza mkuu mpya wa timu ya programu. Ni mimi au shemeji, mdogo wake mke wangu. Nyumbani nimeshasema ni mimi!

Shemeji ameandika fanksheni, yaani kipande cha programu, ya kutangaza majina kwenye skrini ya mapokezi. Mistari miwili tu. Nikaiiba, nikaijaribu. Ikaandika: "undefined, hongera!" Nikamuuliza huyo Undefined ni mfanyakazi wa idara gani. Alicheka mpaka chai ikampalia.

Jumanne, 4 Machi
Kanielewesha. Undefined si mtu, ni kompyuta kusema haijapewa jina. Ndani ya fanksheni kuna neno this, yaani huyu. Huyu nani? Haijui, mpaka uiite. Ukiiita kwa call unaikabidhi mtu: ukiipa mlinzi, inamtaja mlinzi, ukiipa mhasibu, inamtaja mhasibu. Fanksheni ile ile! Jamani, kuna watu wana akili.

Halafu akataja bind. Ukishaifunga kwa mtu, itamtaja huyo huyo, hata ukiikabidhi nani. Hapo nikatega masikio.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimeifunga kwangu kwa bind. Ya zamani nimeifuta. Safi kabisa!

Wote tukakusanyika mapokezi. Bosi akabonyeza tangazo la kwanza. Jina langu: "Mkuu mpya wa timu!" Nikainua mikono. Bosi akakunja uso, akabonyeza la mhasibu. Mimi tena: "Anatarajia mtoto, hongera!" Likafuata la mlinzi. Mimi: "Anastaafu leo, tutamkumbuka." Mzee wa watu akatoa leso.

Nikakimbilia kompyuta. Nikaiita kwa call, nikaipa mlinzi. Mimi! Nikaifunga upya kwa shemeji. Mimi! Haifunguki. Aibu ilinijaa, lakini nakiri nimeipenda. Uaminifu wa namna hii hata nyumbani kwangu sijauona.

Shemeji alikuwa na nakala ya ile ya mwanzo. Akairudisha bila hata kunitazama. Mlinzi akatajwa, akafuta machozi. Kisha likatoka jina la mkuu mpya: shemeji. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Anastahili, sina la kubisha.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji hakunichongea kwa dada yake. Moyo wa dhahabu! Kasema tu nisiiguse tena skrini ya mapokezi. Nimeapa, sitaigusa.

Kanipa programu ya likizo niikague. Fanksheni moja, this moja. Mhasibu anajifungua mwezi ujao. Nikiifunga kwangu leo, likizo yote ya uzazi ni yangu!