Bega Linalopona Bila Idhini

Jumanne, tarehe 4 Machi

Balaa. Bega linapona.

Wiki nane sasa, kila Jumanne na Ijumaa, tabibu wa viungo hunilaza kitandani, huushika mkono wangu wa kulia, huuvuta taratibu, kisha hukandamiza mfupa wa bega kwa vidole gumba hadi kiungo kilegee. Nusu saa nzima. Tangu mke wangu alipofariki hakuna mwingine anayenigusa, ukiondoa kinyozi, naye ana haraka. Mwishoni navipandisha vidole ukutani kama buibui, naye huchora alama ya penseli vilipokomea. Leo katangaza kwa furaha kwamba zimebaki sentimita tano kufikia mstari mwekundu. Nikifika, faili linafungwa. Nikampongeza. Nikatoka nimenuna.

Mpango: nisipone.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekwama makusudi chini ya alama ya Jumanne. Nikauma meno, nikaguna. Nilijiona fundi.

Mama Goti, mgonjwa wa zamu iliyotangulia yangu, alikuwa bado anafunga viatu. Akamwambia tabibu kwamba jana alimwona huyu mzee wake dukani akichukua sabuni rafu ya juu kabisa. Mbea! Nikasema nilitumia mkono wa kushoto. Akauliza, basi ule wa kulia ulikuwa umeshika kikapu kizito vile kwa ajili ya nini, mapambo? Tabibu akacheka. Kisha akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, tarehe 11

Nimejimaliza mwenyewe.

Akiwa anakanda misuli ya nyuma ya bega, tabibu aliniuliza nyumba niliyozaliwa ilikuwaje. Miaka thelathini na minne huku ugenini, swali hilo huulizwa na maofisa tu, nao hutaka mtaa na namba. Nikaketi. Nikamweleza sakafu ya saruji nyekundu, ngazi saba, ukumbi ambao mchana ulikuwa na baridi. Nikamweleza kidirisha kilichokuwa juu ya mlango, ambacho baba alikifikia bila kigoda, nami siku nilipokifikia nikajihesabu mtu mzima. Kilikuwa juu kiasi gani, akauliza.

Nikasimama ukutani nikamwonyesha. Hapa!

Mkono wa kulia. Kiganja kizima juu ya mstari mwekundu. Wala haukuuma. Nikasikia penseli ikikwaruza ukuta. Sikuushusha upesi, nilikuwa bado nimekishika kile kidirisha.

Faili likafungwa. Tabibu akanisindikiza mlangoni. Akasema, baba, kwangu huhitaji bega bovu. Ijumaa saa tisa huwa nakunywa chai, njoo tu, ule ukumbi hatujaumaliza.

Alhamisi, tarehe 13

Nimeutafakari mwaliko ule kwa siku mbili. Binti mwenye utu. Lakini hajafikiri vizuri. Mtu mzima haingii hospitali akiwa haumwi kitu. Mapokezi wataniuliza nasumbuliwa na nini, nami nijibu kwamba nimeleta habari za ukumbi? Haiwezekani.

Tangu asubuhi niko mbele ya kioo nikijifunza kuchechemea. Mguu wa kulia unachechemea kwa madaha, ila wa kushoto unaaminika zaidi. Nitaamua kesho nikiwa njiani.