Nafasi Tupu Mwanzoni mwa Diski

Jumatatu, 3 Machi
Siku yangu imefika! Bosi ametangaza: atakayeikamilisha programu yetu ya kuamshia kompyuta, ile inayotangulia nyingine zote mashine ikiwashwa, ndiye mkuu wa karakana. Yaani mimi. Kimebaki kijambo kimoja tu, programu ikumbuke mipangilio ya mteja hata kompyuta ikizimwa. Iiandike wapi kwenye diski? Shemeji, kaka wa mke wangu, niliyemwombea kazi hapa kwa mdomo wangu mwenyewe, akasema kwenye faili la kawaida, ambalo programu nyingine zitaliona na kuliheshimu. Faili! Hata mama mkwe angewaza hivyo. Mimi nimegundua nafasi tupu mwanzoni kabisa mwa diski. Haina mwenyewe. Kiwanja cha bure, jamani!

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika pale. Kompyuta imewaka chapchap, imekumbuka kila kitu. Bosi kanipigapiga begani. Shemeji akauliza kama nina hakika hapana mwenyewe. Nikamwambia wivu utamkondesha. Akaendelea kufunga skrubu. Sipendi anavyozifunga.

Jumatano, 5 Machi
Tumeiweka programu yetu kwenye kompyuta ya mama wa studio ya picha. Nimejitambulisha kama mkuu wa karakana. Mapema kidogo, lakini lazima mtu ajizoeze.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mama wa studio kaja juu. Programu yake ya kuchapisha picha imemgomea, eti leseni haionekani, anatumia nakala ya wizi. Imeyasema hayo kwenye skrini kubwa, bwana na bibi harusi wanasoma! Kumbe nayo huficha alama ya leseni palepale, kwenye nafasi yangu, nami nimeandika juu yake. Watu wana tabia mbaya, wanajibanza mahali pa wazi bila kumwambia mtu! Shemeji kahamishia mipangilio kwenye faili lake, kaomba leseni upya. Jioni studio ikafunguliwa. Mke wangu kampigia simu kumpongeza. Kwa simu yangu!

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji ndiye mkuu wa karakana. Nimempa mkono huku roho inaniuma. Nikaenda stoo, nikakaa juu ya maboksi mpaka machozi yakakauka. Hapo akili ikanijia. Wazo langu halikuwa na kosa lolote, nilikosea upande tu! Mwanzoni mwa diski pana msongamano, kila mjanja anapajua. Mwishoni je? Nimechungulia. Pametulia kabisa, pana nakala ya akiba ya ramani ya diski tu, ile inayoiambia kompyuta kila sehemu ya diski inaanzia wapi, na ramani yenyewe ipo mwanzoni. Mbili za nini? Nimeifuta, nikaandika mipangilio yangu. Jaribio nimelifanyia kwenye kompyuta ya shemeji, alipokwenda kuchukua ufunguo wa ofisi yake mpya. Jumatatu akiiwasha, atanitafuta mwenyewe.