Mabakuli Mawili Barazani kwa Mzee Jumbe

Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Nimeibiwa! Si fedha, si baiskeli. Nimeibiwa samaki, mbele ya macho yangu, na mwizi kasema bismillahi kwanza.

Niandike kwa utaratibu, mimi ni karani. Hapa mtaani kwetu Ngamiani wanaume hatuli ndani. Tukishaswali magharibi tunakwenda barazani kwa Mzee Jumbe, tunakuta mkeka umekwisha tandikwa. Nyumba ya Mzee Jumbe hutoa wali. Nyumba yangu hutoa bakuli la kitoweo. Nyumba ya Zubeiri, fundi cherehani, hutoa bakuli lake. Watoto huyaleta yamefunikwa kawa. Yote meupe, ukingo wa buluu, yametoka duka moja. Mchana nakula bandarini, jioni barazani. Nyumbani kwangu nakunywa chai ya asubuhi tu. Miaka kumi na moja sasa.

Leo bakuli moja lilikuwa nguru wa kupaka. Tui zito, ndimu, pilipili ya kuamsha maiti. Bakuli la pili: samaki kachemshwa mpaka kasahau kama aliwahi kuogelea. Maji matupu. Chumvi hakuna. La kwanza ni langu, sina haja ya kuuliza, kwa sababu mke wangu Mwanamkasi nilimfundisha mapishi mwenyewe. La pili ni la Zubeiri, masikini.

Lakini Zubeiri hana haya! Nimehesabu matonge kumi na tisa kutoka bakuli langu. Lake hakuligusa mpaka Mzee Jumbe alipokohoa, ndipo akachovya, akafumba macho, akameza. Mtu anakikimbia chakula cha mkewe! Haiwezekani kuendelea hivi.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepata njia. Ofisini imebandikwa karatasi ya watu wa Maendeleo. Inasema baba mwema ale nyumbani pamoja na mkewe na watoto, na wakati wa chakula awafundishe hesabu, jiografia na usafi. Nimeisoma mara tatu. Hakuna mahali inaposema jirani apewe samaki.

Jioni nikatangaza barazani. Nikasema kwa huzuni kubwa kwamba kuanzia kesho nitakula kwangu kwa ajili ya elimu ya familia. Mzee Jumbe akaniuliza taratibu kama kuna aliyeniudhi. Nikasema hakuna, ni elimu tu. Akasema basi, mkeka hauna mlango.

Nilimtazama Zubeiri nione atakavyolia. Yarabi! Aling'aa uso. Akanipa mkono, akanipa tena, akasema elimu ni jambo kubwa na nisirudi nyuma. Roho mbaya ya kuficha wivu, sijapata kuiona kama hii.

Jumatano, 5 Oktoba

Mwanamkasi aliponiona naingia uani na mkeka kwapani akauliza kama nimefukuzwa kazi. Nikasema hapana. Akauliza kama nimefukuzwa barazani. Nikamweleza elimu ya familia. Akanishika kipaji cha uso kuona kama nina homa.

Somo likaanza kabla ya chakula, kama karatasi inavyotaka. Nikamuuliza binti yangu Mwamvua, wa darasa la tatu, mji mkuu wa Uingereza. Akajibu, kisha akaniuliza mimi maili moja ina futi ngapi. Nikasema swali hilo ni la kesho. Mdogo wake Shekhe, miaka sita, shule hajaanza, akasema elfu tano mia mbili na themanini. Nimeshtuka. Nani anawafundisha watoto hawa wakati mimi sipo?

Nikafunga somo. Nikafunua bakuli kwa mikono yangu miwili.

Lahaula! Maji matupu! Samaki wa Zubeiri!

Nikasema mabakuli yamebadilishana, Mwamvua akimbie barazani akarudishe. Mwamvua akasema halijatoka nje hili, limetoka jikoni kwetu. Nikamtazama Mwanamkasi. Akanisogezea bakuli karibu. Nikala kwa heshima ya somo. Watoto hawakugusa hata kidogo, wakasema wameshiba. Wameshiba nini? Upande wa pili wa ukuta barazani walikuwa wanacheka.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimetafakari kutwa nzima. Sababu ni moja: Mwanamkasi hakuzoea kupika mbele ya mumewe. Leo nikaomba ruhusa mapema, nikakaa kwenye kigoda karibu na figa kumpa moyo.

Alikuna nazi vizuri. Akakamua tui la kwanza, zito, jeupe. Nikameza mate. Akainuka na lile tui, akaenda nalo nyuma ya jiko, akawamwagia kuku!

Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Kuku wetu wamenona kuliko kuku wote wa Tanga, na mimi nilidhani ni hewa ya bahari. Nikamuuliza mke wangu ana wazimu. Akasema hana, anafuata elimu. Tui la kwanza halifai, nimemwambia mwenyewe. Samaki achemke mpaka alegee kama kitambaa, nimemwambia mwenyewe. Chumvi, pilipili na ndimu ni haramu ya tumbo. Nilimkaririsha yote wiki ya harusi, na nilimsahihisha akikosea.

Nikataka kumjibu mbele ya watoto wajifunze. Watoto hawapo. Nikawatafuta. Wako uani kwa Mama Sadalla, mke wa Zubeiri, wamekaa kwenye mkeka wake, wanakula nguru wa kupaka, na Mama Sadalla anawauliza maili ina yadi ngapi! Kumbe ndiko wanakokula kila siku. Mke wangu pia. Shekhe akaniambia bila haya yoyote kwamba kile cha nyumbani ni chakula cha baba.

Sijalia. Lakini sikula pia.

Ijumaa, 7 Oktoba

Leo Mwanamkasi kafungua sanduku, katoa kile kijitabu. Nilikiokota ofisini mwaka 1944, hakina jalada, hakina kurasa mbili za mwanzo. Maneno yake mazuri, ya kitaalamu. Ndicho nilichomfundishia.

Nikaona nafasi ya somo. Nikamwambia Mwamvua asome kwa sauti wakati tunakula, ili mama yake asikie alipokosea. Akasoma vizuri mtoto yule. Tui, chumvi, kuchemsha, yote yapo, niko sahihi! Nikamwambia Mwanamkasi unaona? Mwamvua akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho, ambao mimi, kwa shughuli nyingi, sikuwahi kuufikia.

Unasema: baada ya siku kumi mgonjwa wa tumbo arudi kwa daktari.

Siku kumi! Miaka kumi na moja!

Mwanamkasi akajifunika uso kwa kanga. Nikadhani anacheka, nikakasirika. Hakuwa anacheka. Akasema siku zote aliamini ninaumwa na ninaficha. Alisita mara mbili kunipikia hivyo, na mara zote mbili nilimwambia mke mwema hafuati ulimi, hufuata elimu. Basi akafuata. Mtaa mzima unajua kwamba mimi, Miraji, nina ugonjwa wa tumbo. Mzee Jumbe aliwapangia zamu ya kula bakuli langu ili lisirudi limejaa nikaona aibu. Akikohoa, ni ishara kwamba zamu ya mtu imefika.

Mimi nilidhani ana kifua. Nimempelekea asali mara nne.

Na Zubeiri! Miaka yote hiyo nimekula nguru wa mkewe huku nikijisifu, na yeye akifumba macho kumeza wangu. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, lakini changu alikila yeye akiumia. Nimeona aibu. Naiandika wazi kwa sababu haijapata kunitokea.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimemwambia Mwanamkasi kesho apike anavyojua yeye. Akauliza mara tatu kama nina hakika. Kisha akaenda sokoni mwenyewe, hakumtuma mtu.

Nikaenda kwa Mzee Jumbe, shikamoo, nikamwomba nirudi. Usiku wa jana sikulala vizuri kwa hofu kwamba atakataa. Mtu aliyekosa mkeka wa wenzake amebaki na nini? Mzee akauliza elimu ya familia imefikia wapi. Nikasema watoto wamehitimu. Akasema njoo kesho, lakini Zubeiri anastahili neno kutoka kwangu, na neno hilo niliseme mbele ya watu.

Nimeliandaa. Kurasa mbili.

Jumapili, 9 Oktoba

Naandika hivyo hivyo, ingawa ni aibu.

Tulitoka msikitini, tukakaa. Wali upo. Mabakuli mawili yapo. Mwamvua kayafunua yote mawili, akasimama pembeni. Bakuli moja: nguru wa kupaka, mzito, ana ukwaju juu, harufu yake imewageuza shingo wapita njia. Bakuli la pili: kitu cheusi, kimeungua upande mmoja, upande mwingine kibichi.

Mtu mwenye akili hujifunza. Nimekosea miaka kumi na moja, sikosei tena. Nikasimama. Nikasema Zubeiri, ndugu yangu, nilikula chako nikajisifia changu. Leo nashuhudia mbele ya wazee: bakuli hili tamu ni lako, la mkono wa Mama Sadalla, na mkono huo Mungu aubariki. Na hili jeusi ni la kwangu. Mke wangu nimemfundisha nimechoka. Aliyepika kitu hiki anyimwe moto mpaka kiyama! Tena wallahi, nasema wallahi mara tatu, nitalila peke yangu lote mpaka liishe, liwe adhabu yangu, na lile zuri sitalitia mkono.

Nikangoja pongezi.

Mzee Jumbe akakohoa. Safari hii sijui aliashiria nini.

Zubeiri akasema, polepole, bila kuinua uso, kwamba Mama Sadalla yuko Mkwaja tangu jana asubuhi, dadake kajifungua. Bakuli jeusi kalipika yeye Zubeiri mwenyewe. Ni mara yake ya kwanza kushika mwiko. Alifikiri ametoa kitu kizuri.

Na Mwamvua akasema, kwa sauti ya kusomea kitabu, kwamba lile la nguru ni la mama.

Nimeapa mara tatu. Mbele ya wazee. Nikakaa, nikavuta bakuli jeusi mbele yangu, nikaanza. Wao wakala nguru wa mke wangu. Mzee Jumbe akalamba vidole, mzee wa miaka sabini. Zubeiri, shukrani ya punda ni mateke, alifuta bakuli kwa tonge la mwisho, akasema ndiyo samaki bora kuliko wote aliopata kula mtaani, na kwamba ni bahati mbaya mwenye nyumba hakuonja. Halafu akanisogezea mkaa wangu uliobaki.

Nyumbani Mwanamkasi alikuwa keshasikia yote, neno kwa neno, pamoja na lile la kunyimwa moto. Nikauliza kama umebaki hata mchuzi chunguni. Hakuna. Kuku wamepata.

Nimekaa na kuchunguza kosa lilipotokea. Si kwangu. Mimi nilitumia ushahidi wa miaka kumi na moja. Kosa ni kwamba mapishi yalibadilika bila taarifa. Nimemwelekeza Mwanamkasi kwamba kuanzia sasa mabadiliko yoyote ya kitoweo aniletee kwa maandishi, siku tatu kabla, nitie sahihi. Amesema yeye hajui kuandika. Nikamwambia asijali, nitamfundisha mwenyewe jioni wakati anapika, na kipo kijitabu kingine nimekiona ofisini chini ya meza, bado kizima kabisa, kasoro jalada.