Utepe wa Delaney

Jumatatu, 3 Februari
Siku tano kabla ya mashindano ya washangiliaji, wale wasichana wanaoruka na kubebana jukwaani, huko Dallas. Binti yangu Delaney, miaka kumi na mmoja, bado ni wa chini. Wa chini ndiye anayebeba. Anayebebwa, anayesimama juu kwa mguu mmoja huku akitabasamu, ni Saylor, binti wa Candace Pruitt. Mwaka wa pili huu! Ukumbi mzima unamwona Saylor, wangu haonekani hata pua.

Wazazi haturuhusiwi kutazama mazoezi. Nikaegesha gari nyuma ya ukumbi, nikatoa darubini ya kuwindia kulungu. Kocha Marlys akagonga kioo, akauliza nawinda nini. Nikasema ndege. Akasema, "Royce, nenda nyumbani."

Jumanne, 4 Februari
Nimemwokea Kocha kifua cha ng'ombe kwa moshi, kazi ya tangu alfajiri. Nikakiacha mapokezi bila jina, kisionekane rushwa. Niliporudi jioni nikamkuta Candace anakikata na kuwagawia wazazi, nao wanamsifu kwamba ana mkono mtamu. Hakukana. Nami nikapewa kipande. Nilikula. Nyama ilikuwa nzuri sana.

Kocha hali nyama. Hilo sikulijua.

Jumatano, 5 Februari
Wazo! Kila msichana huvaa utepe kichwani, fundo kubwa la kipepeo, tepe zote sawasawa. Sasa utepe wa Delaney ukizidi kidogo, majaji watauona. Wakiuona utepe, watamwona na aliye chini yake. Nashangaa hakuna baba mwingine aliyeligundua hili.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeukata utepe wake wa timu, nikaushonea kitambaa cha ziada, nikapitisha waya ndani usimame wima. Mimi ni fundi wa viyoyozi, waya ninazo. Mke wangu, Darla, akauliza kama ule ni utepe au antena. Delaney akasema, "Baba, mimi niko chini. Watu wanamtazama Saylor." Nikamwambia ndiyo maana. Akaingia chumbani kwake kimya. Furaha, nadhani.

Jumamosi, 8 Februari
Dallas. Sijui nianzie wapi.

Walipomnyanyua Saylor, kamba ya kiatu chake ikanasa kwenye waya wangu. Akapepesuka. Akaanguka! Delaney akaruka na kumdaka, wakalala chini wote wawili. Saylor hakuumia hata ukucha. Delaney amepasuka mdomo. Timu imeshuka hadi nafasi ya tisa, na timu zinazoingia fainali ya kesho ni kumi.

Kocha akauchomoa ule waya mbele ya wazazi wote, akauliza ni wa nani. Nikatazama viatu vyangu. Delaney akasema ni wake. Kwa mdomo ule uliovimba! Niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikanyoosha mkono.

Kocha akasema asiye na utepe wa timu hapandi jukwaani. Na ule wa Delaney niliukata mwenyewe na kuushonea kitambaa kingine, si wa timu tena; vipande vyake vya asili viko nyumbani, mezani. Duka la mashindano lina kila rangi isipokuwa yetu.

Delaney amelia hotelini. Nikamwambia, kwa kumfariji, kwamba kubeba wenzake si kitu cha kulilia. Akasema, "Baba, hujawahi hata kuniuliza. Mimi napenda chini. Saylor akipanda anatetemeka, mimi namshika mguu, anatulia. Hiyo ndiyo kazi yangu."  Nimesikitika kwelikweli.

Jumapili, 9 Februari
Saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni pa chumba cha Candace Pruitt hotelini, kofia mkononi. Kila mtu anajua hutembea na tepe sita za akiba. Nikamwambia nimekuja kuomba.

 Akasema, "Baba Delaney, mtoto wako jana ameniokolea wangu. Ungemtuma yeye ningempa zote sita. Wewe nakupa mmoja." Nikashukuru. Kisha akasema ile nyama ilikuwa nzuri, nimfundishe. Kumbe alijua ni yangu!

Fainali. Saylor akapanda, mguu ukatetemeka, nikaiona mikono ya Delaney ikikaza. Saylor akatulia kama mnara. Hakuna aliyemtazama Delaney ila mimi, Darla na, kwa mara ya kwanza, Candace. Nililia waziwazi, Darla akaniazima shali lake. Tumemaliza wa tatu. Kwenye karatasi ya majaji wameandika kwamba wabebaji wetu ni imara kuliko wote. Delaney ameikunja akaiweka soksini.

Jumatatu, 10 Februari
Nimetafakari sana njiani. Nimekosea, nakiri. Delaney ni wa chini, anapenda chini, na chini ndipo atakapobaki. Sitamsumbua tena kuhusu juu.

Utepe ndio ulikuwa kosa. Utepe uko juu! Mtu wa chini anapaswa kuonekana chini. Nimeagiza viatu vyenye taa zinazowaka kila akikanyaga, nyekundu na buluu. Vinafika Alhamisi. Darla bado sijamwambia. Candace nimemwambia, kwa sababu sasa ni marafiki.

Ameniuliza kama wanauza saizi ya Saylor.