Makabidhiano ya Mbwa wa Serikali pale Igowole

Mheshimiwa Jumbe Joachim, uliyekuja na kiti chako mwenyewe kwa kutoviamini vya kwangu. Baba Padri na Mchungaji, mliokaa benchi moja leo kwa mara ya kwanza na mkalijaza. Waheshimiwa wazee wa baraza, mlio macho na mliosinzia. Walimu, na wake za walimu ambao ndio wanaowaamsha walimu. Mabwana wapima pareto. Akina mama wa pombe ya ulanzi. Bwana Didas, jirani yangu wa upande wa chini. Majirani wa upande wa juu, ambao moshi wenu naujua kuliko sura zenu. Na wewe uliyepanda juu ya ghala langu la mahindi ukidhani sikuoni: kamwene!

(Umati: "Kamwene, Karani!")

Nimeficha jambo. Nimelificha kwa miaka, kwa ustadi na kwa uso mkavu, na kwa kuwa Bwana Mganga amesema kifua changu hiki hakitavuka masika ya mwaka huu wa hamsini na saba, nimeomba nitolewe nje, mimi, kiti changu na blanketi langu, nilitoe mbele yenu kabla halijazikwa pamoja nami. Jambo lenyewe linahusu Skimu.

(Minong'ono. Aliye juu ya ghala anasogea karibu.)

Lakini mtu aliyepata kuwa Karani Mkuu wa Baraza hawezi kuropoka jambo zito kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kuna utaratibu. Kwanza historia, pili mafanikio, tatu shida, ndipo jambo.

(Mzee Didas: "Karani, fupisha, mvua hiyo inakuja!")

Itasubiri, Bwana Didas. Mvua ya hapa imewahi kumsubiri Bwana Shauri wa wilaya amalize kusoma amri ya matuta, itashindwaje kunisubiri mimi?

Historia, basi. Kama mnavyofahamu, Skimu ya Maendeleo na Afya ya Mbwa Mkubwa wa Nyumbani, Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, Tawi la Igowole, chimbuko lake ni siku ile Mzungu mmoja wa mashamba ya chai alipouza vyombo vyake akaenda Chunya kutafuta dhahabu, akaniachia mkononi kijibwa ambacho siku hiyo kilienea ndani ya kofia, na ambacho kufikia mavuno yaliyofuata kilikuwa hakipiti mlangoni bila kugeuka ubavu. Ndiye huyu aliyelala juu ya miguu yangu, akinizuia kusimama kwa heshima yenu. Na kwa kuwa desturi ya hapa, ambayo mimi mtu wa upande wa Tukuyu niliikuta na kuipenda, ni kwamba jina la mbwa ni salamu kwa majirani, na kwamba mtu aliyeudhiwa hagombani bali humwita mbwa wake jioni kwa sauti kubwa, basi nilipowasikia mkisema Karani amefuga ndama anayebweka, nilimwita mbwa wangu Mtazoea.

(Vicheko.)

Bwana Didas akajibu ndani ya wiki. Akatafuta mbwa naye, akamwita Hatuzoei.

(Vicheko vikubwa. Mzee Didas anainua mkono kama mtu aliyeshinda kesi.)

Mnazikumbuka jioni zile: mimi huku juu, "Mtazoeaaa!", yeye kule chini, "Hatuzoeiii!", mpaka mbwa wenyewe wakachoka kuitwa wakawa marafiki, na sisi wenye akili tukaona aibu kubaki nyuma.

Sasa mafanikio. Kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa kisayansi, zikahakikiwa na kamati, ambayo mwenyekiti wake ni mimi na wajumbe wake ni mimi, asilimia mia moja ya mbwa waliosajiliwa katika Skimu wako hai. Asilimia mia moja huogeshwa kwa sabuni ya mche, na asilimia mia moja hukimbilia majivuni baada ya kuogeshwa. Asilimia mia moja wamechomwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa siku Bwana Mifugo alipopita hapa, ijapokuwa dawa kiasi ilimwingia Bwana Mifugo mwenyewe, naye tangu siku hiyo hajaumwa na kichaa chochote. Hakuna skimu katika jimbo hili, si ya barabara, si ya matuta, iliyopata kufikia asilimia kama hizo.

(Makofi.)

Idara ya Malazi ina Wodi Namba Moja, iliyoko nyuma ya mafiga ya Mama Tusajigwe, mke wangu Marta, ambaye katika Skimu cheo chake ni Matroni. Godoro ni gunia lililoshindiliwa maua makavu ya pareto, yale yale mnayoyauza yaende kuua viroboto wa Ulaya huku viroboto wa Igowole wakiwacheka. Mgonjwa wetu hana kiroboto hata mmoja. Walihamia kwa mtu, na mtu huyo sitamtaja.

(Mzee Didas anajikuna bila kujijua. Vicheko.)

Idara ya Miguu hushughulikia funza. Mgonjwa hulala chali, miguu yote minne juu kama meza iliyopinduliwa; Matroni huchokonoa kwa pini, nami hushika kichwa na kumweleza mgonjwa madhumuni ya kazi, maana nimegundua kwamba mbwa mkubwa akielezwa madhumuni kwa sauti ya chini hatikisiki, tofauti na wajumbe wa baraza.

Idara ya Ulevi, nasikitika kusema, ilifunguliwa kwa dharura, siku Mtazoea alipoingia uani kwa Mama Paskalina, akaangusha mianzi ya ulanzi iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akanywa kilichomwagika, kisha akaenda kulala katikati ya barabara.

(Mama Paskalina: "Na alikunywa akaimba, Karani! Sema na hilo!")

Aliimba, Mama, sikatai, na hakuimba vibaya. Likafika lori la mchele kutoka Chimala, dereva akapiga honi mpaka akachoka, akatoa kichwa: "Mwondoeni huyu ng'ombe!" Ninyi wenyewe, si mimi, ndio mliomjibu: "Huyo si ng'ombe. Ni wa Serikali." Dereva akazima injini, akashuka, akakaa kivulini kusubiri Serikali ilevuke. Mama Paskalina hakutoa hata neno moja la kulalamika, kwa kuwa mlevi alikuwa na cheo. Tulimtibu kwa uji mwepesi na ukimya, tiba ambayo naipendekeza kwa watu wengi waliopo hapa.

(Vicheko. Baba Padri anamtazama Mchungaji, Mchungaji anatazama mawingu.)

Lakini kazi iliyoipa Skimu jina, kabla ya hayo yote, ni ile ya Idara ya Usafirishaji, Mtazoea alipokwenda usiku kufukuza nguruwe pori katika mahindi ya Bwana Didas, akakutana na nungunungu asiyemfahamu. Asubuhi alirudi na miiba puani, mdomoni na kooni, hata hawezi kufunga kinywa, anatiririka damu na mate, na jicho lake moja limeanza kujifunga. Tukampakia kwenye toroli. Matroni anasukuma, mimi natangulia na fimbo, kuteremka mpaka dispensari, watu wamejaa njia nzima maana ilikuwa siku ya gulio. Mama mmoja akanisimamisha: "Karani! Mbwa ndiye unampeleka hospitali kwa gari? Mwanangu nilimbeba mgongoni!" Watu wakaanza kucheka. Nikamwambia: "Mama, huyu si mbwa wa mtu. Hii ni kazi ya Serikali. Ni skimu." Kicheko kikakatika pale pale. Wanaume wakavua kofia. Njia ikafunguka. Dresa wa dispensari, ambaye alikuwa ameshafungua mdomo aseme hapa ni pa watu, aliposikia neno skimu alinawa mikono mara mbili, akachukua koleo, akaing'oa miiba mmoja mmoja, na mgonjwa akiguna yeye anasema, "Samahani, bwana."

(Makofi marefu. Aliye juu ya ghala anapiga mbinja.)

Tangu siku hiyo ninyi watu wa Igowole mmeihudumia Skimu kwa moyo. Mifupa ya harusi imeletwa. Mizani ya pareto imesimamishwa kazi ili apimwe yeye, na karani wa mizani akatangaza kwamba kwa uzito ule angekuwa ua angekuwa daraja la kwanza.

(Mama Marta, kwa sauti ya kusikika: "Baba Tusajigwe, waambie sasa. Pumzi itakuishia kwenye mafanikio.")

Nafika, Mama. Nipe maji. Sasa ni shida.

(Anakunywa. Anakohoa. Umati unangoja.)

Shida ni hii. Juzi mkidhani nimelala, mlikaa chini ya dirisha langu mkafanya kikao bila ajenda. Niliwasikia wote. Mheshimiwa Jumbe ulisema, "Karani akishatutoka, Mama atachukuliwa na bintiye Tusajigwe kwenda Mbeya. Na mbwa je?" Mtu akasema, basini hapandi, atakula abiria. Kisha Bwana Didas ukasema, na sauti yako naijua kama mlango wangu: "Mimi ningemchukua. Nguruwe wanamwogopa, na mbwa wangu bila yeye hali chakula. Lakini mali ya Serikali siigusi. Akinilamba, nanyamaza tu. Sitaki kufungwa uzeeni." Mheshimiwa Jumbe ukakata shauri: tukishazika, mbwa afungwe kamba, apelekwe bomani, mali ya Serikali irudi Serikalini. Wote mkasema sawa. Mlisema kwa heshima, na mimi chini ya blanketi jasho likanitoka.

Maana nimefanya kazi bomani, ninyi hamkufanya. Mbwa akifika pale, karani atauliza ametumwa na nani, wa idara gani, ameombwa na nani. Hakuna atakayejua. Na mbwa asiyejulikana mwenyewe, tangu kichaa cha mbwa kilipoingia wilayani, amri yake ni moja: askari mmoja, risasi moja, nyuma ya stoo. Hawatakuwa wamekosea. Amri ni amri. Na yeye kwa ujinga wake atamtingishia askari mkia, maana maisha yake yote kila aliyemkaribia alikuwa amebeba mfupa.

(Mzee Didas ameinama.)

Kwa hiyo, waheshimiwa, kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, naomba kama ilivyo ada tuitikie kauli mbiu za Skimu. Kupe!

(Umati, kwa sauti ya unyonge: "Chini.")

Sikuwasikia. Kupe!

(Umati: "Chini!")

Funza!

(Umati: "Nje!")

Skimu!

(Umati: "Idumu!")

Haitadumu. Nawashukuru kwa kuitikia, na sasa natoa shukrani zangu za mwisho. Naishukuru Serikali ya Jimbo kwa uvumilivu wake mkubwa juu ya Skimu hii, ambayo mpaka leo haijapata kuisikia. Namshukuru Bwana Mifugo, aliyedhani ni ya Bwana Mganga, na Bwana Mganga, aliyedhani ni ya Bwana Mifugo, na wote wawili kwa kuoneana haya kuulizana. Nawashukuru wafadhili, ambao hawakuwepo, na makao makuu, ambayo hayakujengwa. Hakuna amri iliyoandikwa, hakuna ofisi, hakuna idara, hakuna tawi, kwa kuwa hakuna shina. Skimu niliitunga barabarani, mbele ya toroli, kati ya neno la yule mama na kicheko chenu.

(Aliye juu ya ghala: "Haikuwepo?")

Haikuwepo. Na wewe shuka, hilo ghala lipo, lakini si imara.

(Mzee Didas anasimama: "Subiri, Karani. Siku zote zile nilizovua kofia njiani, nikimpisha apite?")

Ulimvulia mbwa kofia, jirani yangu. Naye aliipokea heshima yako vizuri.

(Vicheko vinaanza upande wa akina mama, vinaenea mpaka kwa Mchungaji. Mzee Didas hacheki bado: "Kwa hiyo huyu ni wa nani?")

Ni wangu. Ni wangu tangu siku ya kwanza. Na mali ya mtu, tofauti na mali ya Serikali, mtu anaweza kumpa amtakaye mbele ya mashahidi. Mheshimiwa Jumbe, shuhudia. Bwana Didas, unamtaka?

("Kama si wa Serikali, namtaka. Namtaka tangu zamani, Karani, wewe tu na vyeo vyako!" Anavua mkanda wa suruali yake, anakuja mbele akishikilia suruali kwa mkono mmoja. Makofi, vigelegele.)

Huo mkanda wa nini? Atakufuata bila kufungwa. Shika suruali yako.

(Jumbe Joachim, akisimama, bila kucheka: "Mzee Karani, nimesikia na nimeshuhudia. Lakini wewe ni msomi, na mzee wa kanisa. Ungetuambia tu ni mbwa wako anaumwa. Kulikuwa na haja gani ya kutudanganya kijiji kizima?")

Mheshimiwa Jumbe, uliza yeyote hapa. Mbwa hulala nje. Mbwa hutupiwa. Mtu mzima mwenye viatu na miwani akionekana amempakata mbwa kichwa, anamnywesha uji kwa kijiko na kumbembeleza alale, atachekwa kutoka hapa mpaka Mbeya. Lakini Serikali ikiamuru jambo la kipuuzi hakuna achekaye. Watu hutii na kusogea kando. Nikaona afadhali muamini nimetumwa.

Sikutumwa na mtu. Nilimpenda, nikaona haya kusema.