Taji la Jua Lisilofika Gudele

Jumatano, 30 Oktoba 2013
Ayen wa kidato cha tatu amenibana darasani. Kwa nini taji la jua, ile hewa yake ya nje, lina joto kuliko jua lenyewe? Sikujua. Nikasema ni maada ya giza, ile isiyoonekana. Inaligonga taji, linachemka. Imethibitishwa! Douglas wa hisabati akachungulia mlangoni, akasema wanasayansi wanakisia tu. Wivu huo. Nikamwahidi Ayen kwamba Jumapili jua litapatwa, na taji ataliona kwa macho yake.

Ijumaa, 1 Novemba
Douglas anataka kuwapeleka wanafunzi Pakwach, Uganda. Eti huko ndiko jua litafunikwa lote, taji lionekane. Kanisa lake limempa basi. Ashinde yeye? Nikamwonyesha mkuu wetu, Madam Immaculate, gazeti la Kampala: jua litafunikwa lote, saa kumi na moja na dakika ishirini. Nikasema Pakwach na Juba ni pua na mdomo, na jua ni lile lile. Safari imefutwa!

Jumapili, 3 Novemba
Shule nzima uwanjani hapa Gudele, Juba, pamoja na wazazi. Fundi Erifazi wa mtaa wa Hai Mauna aliniazima kioo cheusi cha kuchomelea. "Mimi iko na moja tu, mwalimu." Kikapita mkono hadi mkono. Jua likaliwa, likabaki ukucha. Nikapaza sauti: sasa taji! Ukucha ukaanza kunenepa. Mama mmoja akauliza kama taji limekwama njiani. Ayen akanirudishia kioo kwa mikono miwili. "Shukran, ustaz." Basi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 4 Novemba
Redio inasema Pakwach waliliona taji. Nimefundisha dakika arobaini nikiutazama ubao. Naona aibu. Mtoto yule angeliona, mimi ndiye niliyemnyima. Nimeapa: nisichokijua sitakisema tena.

Jumanne, 17 Desemba
Risasi mjini tangu Jumapili usiku. Douglas amepata lori la kwenda Nimule, mpakani na Uganda. Walimu, Ayen na mama yake, wote tunatosha. Nikamwambia Madam hakuna haja. Fujo ni za upande ule wa mji tu, kesho zitakwisha. Nimesoma gazetini! La Ijumaa, lakini gazeti ni gazeti. Ayen akaniangalia, akawa wa kwanza kupanda. Madam akamfuata bila kuaga. Nimebaki na kioo cha Erifazi. Nawahurumia. Kesho watarudi wameinamisha vichwa, na aibu hiyo naijua.