Kipingamizi cha Kompyuta Dhidi ya Ndoa Yangu

Cherop wa Sosiot,
nyuma ya kituo cha majani chai.
Jumatano.

Kwa Mchungaji Kiptanui na wazee wote wa kanisa letu,

Bwana asifiwe sana.

KUH: KUACHISHWA MUME NISIYEMJUA

Nawaandikia nikiwa na hasira, lakini nimekaa chini, kwa hivyo someni mpaka mwisho. Jumapili, wakati wa tangazo la tatu la ndoa yangu na Onyancha, Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye kipingamizi. Hakuna mtu aliyekuwa nacho. Ni Metrine, katibu wetu, aliyeinuka na kusema kompyuta inacho. Kompyuta ilisema mimi ni mke wa Kiptum wa Roret, na tuna watoto wanne. Mama yangu, ambaye amengoja harusi hii tangu nikiwa msichana mdogo, aliuliza kwa sauti hao wajukuu wanne wako wapi. Jameni! Harusi ni Jumamosi, hema limeshaagizwa, na huyo Kiptum sijawahi hata kumsalimia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ufunguo. Kijana wetu Kipkirui, aliyetutengenezea sistemu ya kuandikisha waumini na ndoa za makanisa yetu yote, alinieleza kwamba kila mtu ndani ya kompyuta lazima awe na kitu cha kumtambulisha ambacho hakuna mwingine anacho, na kitu hicho kinaitwa ufunguo. Vizuri. Sasa yeye akachagua nini? Jina na tarehe ya kuzaliwa! Wazee wangu, Cherop ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na hapa kwetu mvua hunyesha kila alasiri. Simameni sokoni Sosiot muite Cherop, muone kama mtapata njia ya kupita. Na tarehe je? Karani wa vitambulisho alipouliza tulizaliwa lini, mama zetu walijibu kwamba ilikuwa inanyesha, naye akaandika tarehe moja Januari, mwaka akakisia. Kwa hivyo Cherop wa Roret, mke halisi wa Kiptum, alitangulia kuingizwa, halafu nikaletwa mimi, kompyuta ikasema huyu nishamwona, Metrine akabonyeza kubali, na papo hapo nikaolewa. Kipkirui maana yake ni aliyezaliwa watu wakiwa wamelala. Mimi nafikiri hata ufunguo aliuchagua saa hizo hizo.

2. Namba mlizikataa ninyi wenyewe. Kipkirui alitaka kila muumini apewe namba yake, isiyo na maana yoyote, isiyobadilika hata mtu akiolewa au akihamia Bomet. Mkasema namba ni alama ya mnyama, na kwamba watu wa Mungu si ng'ombe. Nasema kwa heshima: ng'ombe wangu ana namba sikioni, na tangu nimnunue hajawahi kupewa dume la mwenzake. Mimi nimepewa.

3. Maswali ya nusu nusu. Metrine, kwa kutaka kusaidia, akamtafuta na Onyancha. Akaiuliza kompyuta: nipe mke wa Onyancha. Hakuuliza Onyancha yupi, wa wapi, mtoto wa nani. Kompyuta haina aibu, ikamletea Mongina wa Chepilat. Huko Chepilat kila boma lina Onyancha wake, na maboma mengine yana wawili! Onyancha wangu mwenyewe alicheka mpaka akatoka nje. Nikawaambia wote waliokuwa pale: mashine iliyoniozesha mimi kwa Kiptum itashindwaje kumtafutia huyu mke? Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa, na sijaona mtu wa kuijibu.

4. Jana ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Kipkirui aliketi kufuta ndoa yangu na Kiptum. Inatakiwa uandike: futa ndoa, ambapo mke ni fulani wa mahali fulani. Yeye akaandika futa ndoa, simu ikalia, akabonyeza. Kompyuta ikatii. Sasa katika makanisa yetu yote, kutoka Sosiot mpaka Chepilat, hakuna aliyeoa wala aliyeolewa. Hata wewe Mchungaji na Mama Mchungaji mnaishi tu hivyo hivyo. Nasikia kuna mzee wa kwaya ambaye ameshaanza kunyoa ndevu na kujipaka mafuta.

Ombi langu sasa. Kipkirui ana nakala ya Jumatatu, na anangoja neno lenu tu ili arudishe ndoa zote. Msimpe. Mkizirudisha, mtarudisha na uongo wote uliokuwamo. Toeni namba kwanza, kila mtu yake, hata kama itabidi mziombee. Halafu wanaotaka kuwa mume na mke waje upya, na laini ianzie kwangu na Onyancha, Jumamosi saa nne. Wengine wanaweza kutumia hema letu likiwa bado limesimama. Nimengoja sana, wazee. Nampenda huyu mtu, na sioni kwa nini nilale peke yangu kwenye baridi hii ya Kericho kwa sababu ya mvua ya siku niliyozaliwa.

Nisalimieni Mama Mchungaji, vyovyote anavyoitwa wiki hii. Nisalimieni kwaya, akina mama wa maombi, na Metrine pia, ambaye nimeshamsamehe nusu.

Wenu katika Bwana, asiye na mume hata kwa mujibu wa kompyuta,

Cherop

N.B. Bahasha nilikuwa sijaifunga, mama mmoja akabisha mlangoni, gumboti miguuni, pete kidoleni. Ni Mongina. Alisikia kanisani kwao kwamba Metrine anaulizia mume wake, akaja kujionea, na picha ya harusi mkononi. Onyancha wa kwenye picha ni huyu huyu wangu, aliyekuwa ameketi hapa kwangu. Alipomwona mkewe alitokea mlango wa nyuma, akaingia kwenye majani chai, na mpaka sasa bado anaenda. Nimelia, sikatai. Mongina nimempa chai, naye akalia kidogo. Tafadhali mwambieni Kipkirui arudishe ndoa zote leo hii, na aanze na ya Onyancha kabla hajafika mbali.